Maisha ya Palwankar Baloo, Mchezaji wa Kriketi

Tunapoadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu letu, tumeona vema kuwasimulia waumini na majirani zetu maisha ya Palwankar Baloo, mtu aliyeitumikia jamii ya Wahindu kwa mpira wa kriketi huku jamii hiyo ikisita kumpa heshima yake.

Baloo alizaliwa mwaka 1876 huko Dharwad, India, katika ukoo wa watengeneza ngozi, waliohesabiwa zama zile kuwa watu wasioguswa. Mahekalu mengi yalifungwa mbele yao, na visima vya wenzao hawakuruhusiwa kuvikaribia. Ujanani, mjini Poona, aliajiriwa na klabu ya Wazungu kwa rupia 4 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja na kuwarushia mipira waliotaka mazoezi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira ukageuka mwelekeo ulipogusa ardhi. Yasimuliwa kwamba Kapteni Greig, mpigaji hodari wa klabu ile, alimpa nusu rupia kila aliposhindwa naye. Hata hivyo, Baloo hakupewa nafasi ya kushika gongo. Kupiga kulikuwa haki ya mabwana.

Sifa zake ziliwafikia Wahindu wa Poona, waliotamani kuwashinda Wazungu. Ubishi mkubwa ukazuka baina yao, hatimaye wakamchukua. Uwanjani wote waliushika mpira mmoja, nao mpira wa kriketi umefunikwa ngozi. Lakini wakati wa chai wenzake walikaa ndani na vikombe vya kaure, naye aliletewa chai yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Chakula alikula peke yake.

Baadaye alihamia Bombay, akapata riziki yake katika kampuni ya reli, na kriketi akaendelea kuicheza. Mwezi Februari 1906 timu ya Wahindu iliwashinda Wazungu kwa mikimbio 109, na Baloo alikuwa nguzo ya ushindi huo. Wenzake wa Bombay walikuwa wameanza kula naye meza moja. Mwaka 1911 alisafiri na timu ya India kwenda Uingereza. Timu ilishindwa mechi nyingi, lakini yeye, ingawa bega lilimuuma, aliwatoa wapigaji 114.

Unahodha wa timu ya Wahindu, hata hivyo, hakuupata kamwe. Mwaka baada ya mwaka walipewa wengine waliokuwa chini yake kwa ustadi, kwa sababu walikuwa juu yake kwa kuzaliwa. Mwaka 1920 ndugu zake, wachezaji mashuhuri nao, walijitoa kwenye timu kupinga dhuluma hiyo. Mwaka 1923 mdogo wake, Vithal, alifanywa nahodha. Wahindu wakashinda, na watu wa tabaka la juu wakambeba mabegani.

Baada ya kustaafu, Baloo aliingia katika siasa. Mwaka 1937 aligombea kiti dhidi ya Dakta Ambedkar, kiongozi aliyewahi kumhusudu, akashindwa. Alifariki Bombay mwaka 1955.

Hatusimulii haya ili kuwalaumu waliotangulia. Vilabu vya kriketi vya wazee wetu hapa Afrika Mashariki navyo viligawanyika kwa dini na jumuiya, na kila kizazi kina kikombe chake cha udongo. Wengi wetu tu wafanyabiashara. Tunao watu wanaotubebea mizigo, wanaotupikia, na wanaofagia ua wa hekalu hili. Nguvu zao twazipokea kila siku. Basi tujiulize chai yao hunywewa wapi, na katika kikombe gani. Siku ya sherehe, prasadi itakapogawiwa, na waketi nasi katika safu moja, wale kilekile tulacho sisi.

Mungu atubariki sote, waumini na majirani.