Semei Kakungulu, Jemadari Aliyerudi Lindoni

Askari wenzetu walioko Kisugu na kwingineko jijini Kampala humjua Semei Kakungulu kuwa mpiganaji hodari wa zamani. Si wengi wajuao kwamba alifariki akiwa Myahudi.

Mzaliwa huyo wa Koki alipata sifa upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu 1888. Kuanzia 1899 aliwaongoza watu wake mashariki ya mto Nile, akajenga ngome na barabara, akaiweka Bukedi chini ya bendera ya Waingereza. Alitumaini kutawazwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimpunguzia madaraka, na mwaka 1906 wakamhamishia Busoga awe rais wa baraza la machifu. Mwaka 1913 alirejea Mbale bila ufalme. Sisi tulioapa kutii amri twaweza kuukadiria uchungu huo.

Ndipo alipojiunga na Bamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali. Akisoma Agano la Kale, aliona tohara imeamriwa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake walipomwonya kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, alijitenga nao na kujitangaza Myahudi.

Shaka, hata hivyo, haikuisha kwa siku moja. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni, lakini jumuiya yake bado ilibatiza watoto na kumwamini Yesu. Mgeni Myahudi aitwaye Yosef ndiye aliyewafundisha kalenda ya sikukuu na kanuni za vyakula, na mambo ya Kikristo yakaachwa.

Kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba Masihi amefika, kukiri kuwa bado hajaja ni kurudi lindoni pasipo kujua saa ya kupokewa zamu. Maimonides, mwalimu mkuu wa Wayahudi wa karne ya 12, aliagiza angojewe hata akikawia, tena akakataza kupiga hesabu ya tarehe. Kwa maoni yetu, imani ya namna hiyo haimdai mtu asiwe na shaka; humdai asiliache lindo.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, akazikwa Gangama, karibu na Mbale. Serikali ya Idi Amin ilipoipiga marufuku dini hiyo, wengi waliiacha. Wachache waliosalia walisali kwa siri hadi 1979.