Admirali Tom Phillips, Aliyeiamini Mizinga

Tukitaja Vita vya Pili vya Dunia wengi wetu hukumbuka Hitler na Churchill tu. Mimi nimemchagua Admirali Tom Phillips wa Uingereza, mtu mfupi wa kimo, hata mabaharia wakamtania kwa jina la Tom Kidole Gumba.

Alizaliwa mwaka wa 1888 na kuingia jeshi la majini mwaka wa 1903, yaani akiwa mdogo kuniliko mimi. Alipanda vyeo mpaka akawa naibu wa mkuu wa jeshi hilo kule London. Aliamini kwamba manowari kubwa ikiongozwa vyema haiwezi kushindwa na ndege. Tusimcheke. Ndege zilikuwa zimezamisha manowari zilizotia nanga, kama kule Pearl Harbor, lakini hakuna iliyowahi kuzamishwa na ndege peke yake ikiwa mbioni katika bahari kuu.

Tarehe 8 Desemba 1941 aliondoka Singapore na manowari kubwa mbili, Prince of Wales na Repulse, pamoja na ndogo nne, kuwazuia Wajapani waliokuwa wakishuka Malaya. Ndege za kumlinda hakuwa nazo. Hata hivyo, Prince of Wales ilikuwa na mizinga 16 ya inchi 5.25 ya kutungulia ndege, mbali na ile midogo. Nungunungu wa chuma kabisa!

Tarehe 10 ndege zikaja. Topedo moja ikapiga karibu na rafadha ya kushoto. Chuma kinachoizungusha kikaharibika huku kikizunguka, maji yakafurika ndani. Basi stima ikapotea sehemu ya nyuma, na mizinga mizito bila stima ni mapambo. Tena meli ikainama, hata mizinga ya upande ulioinuka ikashindwa kulenga ndege za topedo, ambazo huruka chini karibu na maji. Kumbe pigo moja linatosha!

Wajapani walipoteza ndege tatu tu. Repulse ilikwepa topedo nyingi, mwishowe ikazama, na Prince of Wales ikafuata. Walikufa watu 840 hivi. Zaidi ya 2,000 waliopolewa.

Kinachoniuma ni redio. Phillips alinyamaza asijulikane alipo, hata adui aliposhamwona. Nahodha wa Repulse ndiye aliyetoa habari, na ndege za kutoka Singapore zikafika Prince of Wales ikizama. Hapo siwezi kumtetea.

Alizama nayo akiwa na miaka 53. Mwaka wa 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon kwa ndege, Waingereza walihamishia manowari zao Kilindini, hapa kwetu Mombasa.