Michael Faraday: Mjalidi Vitabu Aliyejifundisha Umeme



Ndugu zangu, maji ya mto Mubuku yanayoteremka kutoka Rwenzori huzungusha mitambo ya umeme kule Bugoye, wilayani kwetu Kasese. Kanuni inayofanya mzunguko ule utoe umeme iligunduliwa mwaka 1831 na mtoto wa mhunzi ambaye hakusoma sekondari wala chuo kikuu. Jina lake ni Michael Faraday. Umeme alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya watu na vifaa vya senti chache. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkristo wa dhehebu dogo aliyeishika sana dini yake. Lakini elimu yake tunaitumia kila tunapowasha taa msikitini, na jinsi alivyoitafuta ni funzo kwetu.

Utoto wa shida

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye maradhi ya mara kwa mara, na siku ambazo hakufanya kazi nyumba haikuwa na kitu. Mwaka 1801 chakula kilipopanda bei, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipofika miaka 13 alipata kazi kwa George Riebau, muuza vitabu wa mtaa wa Blandford, ya kuwapelekea wateja magazeti. Mwaka 1805 alianza uanagenzi wa miaka 7 wa kujalidi vitabu. Kwa desturi mzazi alilipa ada ili mwanawe afundishwe kazi, lakini Riebau aliisamehe kwa sababu kijana alikuwa mwaminifu.

Kitabu mkononi, chupa mezani

Wanagenzi wengine walishona karatasi na kubandika majalada. Faraday alisoma kilichokuwa ndani. Vitabu viwili vilimbadilisha. Cha kwanza kilikuwa juzuu ya ensaiklopidia ya Britannica yenye makala ndefu kuhusu umeme. Cha pili ni kitabu cha kemia kilichoandikwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wake wa kike. Maisha yake yote Faraday alimhesabu mama huyo kuwa mwalimu wake wa kwanza, na hata alipokuwa mashuhuri alikuwa akimtumia maandishi yake kama shukrani.

Hakuridhika kusoma tu. Kila alichokisoma alitaka kukiona. Kwa ruhusa ya Riebau alifanya majaribio baada ya kazi, akitumia vitu ambavyo pesa yake ndogo iliweza kununua. Alianza na chupa ya kioo, akatengeneza mashine ya kuzalisha umeme kwa kusugua. Mwaka 1812 alitengeneza betri: sarafu 7 za shaba, vipande 7 vya zinki alivyovikata kwa ukubwa wa sarafu hizo, na kati yao karatasi iliyolowa maji ya chumvi. Betri ile ndogo ilitosha kuchambua kemikali, na mwenyewe alishangaa.

Watu waliomfungulia mlango

Tukisema alijifundisha mwenyewe tusidhani alikuwa peke yake. London ya wakati ule kulikuwa na mhadhiri aitwaye John Tatum aliyefundisha sayansi nyumbani kwake jioni, kiingilio shilingi 1 kwa kila mhadhara. Faraday hakuwa na shilingi hiyo. Aliyelipa ni kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Pale alipata pia marafiki waliosahihishana na kuandikiana barua.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tikiti za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mkubwa wa Uingereza. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vifaa, akaongeza maelezo mpaka kikawa kitabu cha karibu kurasa 300. Akakijalidi kwa mikono yake na kumpelekea Davy akiomba kazi. Davy alifurahi, ila nafasi haikuwepo. Miezi michache baadaye msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaanza kazi katika taasisi ya Royal Institution.

Sindano iliyotikisika

Kufikia mwaka 1821 alikuwa ameufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Huo ndio mwanzo wa mota. Sifa zilileta husuda. Mwaka 1823 alipopendekezwa kujiunga na jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society, Davy mwenyewe alimpinga. Faraday alichaguliwa, na hakuacha kumheshimu mwalimu wake.

Swali lililomsumbua kwa miaka lilikuwa hili: ikiwa umeme huzaa usumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Alijaribu akashindwa, akarudia. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia nyaya za shaba pande mbili, kila tabaka likitenganishwa na kitambaa. Upande mmoja aliunganisha betri. Upande wa pili waya ulipita karibu na sindano ya sumaku. Alipounganisha betri sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoikata ikatikisika tena. Umeme ulipokuwa ukipita bila kubadilika, hakuna kilichotokea.

Hapo akaelewa kwamba siri ni mabadiliko. Oktoba mwaka huohuo aliingiza na kutoa sumaku ndani ya koili na umeme ukapita. Kisha akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na hiyo ikawa dainamo ya kwanza. Transfoma zilizo juu ya nguzo zetu ni wajukuu wa ile pete, na mitambo ya Bugoye ni wajukuu wa ile sahani.

Upungufu wake na unyenyekevu wake

Kukosa shule kulimwachia pengo. Hisabati ya juu hakuijua kamwe, na ni James Clerk Maxwell, msomi wa chuo kikuu, aliyeyageuza mawazo yake kuwa milinganyo. Kumbukumbu yake pia ilimsumbua, kwa hiyo aliandika kila jaribio, hata lililoshindwa. Daftari zake zina aya zaidi ya 16,000 zenye namba.

Alikataa cheo cha heshima cha ufalme, akakataa pia kuiongoza Royal Society. Lakini kufundisha vijana hakukukataa: alitoa mihadhara ya sikukuu kwa ajili yao mwaka baada ya mwaka mpaka uzeeni. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Na sisi je?

Msumari wa mabati, waya wa shaba na kikombe cha maji ya chumvi ni betri. Vikombe vitatu au vinne vikiunganishwa kwa mfuatano vinaweza kuwasha taa ndogo nyekundu ya redio mbovu. Jaribio hilo linafanyika jikoni Bwera kama lilivyofanyika London, mradi mtu asiguse nyaya za umeme wa nyumbani.

Ila sisi tuliofika chuoni tuna deni jingine. Maktaba tunayoingia bure kila siku, mdogo wetu aliyekwama kwa karo hajawahi kuiona. Likizo ikifika, turudi na kitabu kimoja cha fizikia tulichokimaliza, tumwachie, na kabla ya kuondoka tukae naye tumsikilize anachouliza. Robert Faraday hakugundua chochote, lakini shilingi yake imo katika kila taa inayowaka Kasese usiku huu.