Mwalimu wa Walimu: Mama Virginia Randolph

Mwalimu wa kijijini hufundisha peke yake. Akikwama, amwendee nani? Huyu mama alilijibu swali hilo kwa safari, shule hadi shule.

Virginia Estelle Randolph alizaliwa Richmond, Marekani, na wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Alianza kufundisha akiwa binti wa miaka 16 tu. Mwaka 1892 akashika shule ya Mountain Road, wilaya ya Henrico: chumba kimoja na wanafunzi 14. Akasafisha uwanja, akapaka kuta chokaa. Pamoja na kusoma na kuhesabu, akafundisha kushona, kupika na bustani.

Wazazi wakaja juu. Walitaka vitabu, kazi za mikono za nini tena, wakati utumwa wameuacha juzijuzi? Tusiwalaumu haraka, hata sisi tungesema hivyo hivyo. Mama hakugombana nao. Aliwatembelea majumbani, na Jumapili akafungua shule ya Jumapili palepale darasani. Pole pole wakalainika.

Mwaka 1908 yeye na wanafunzi walipanda miti 12, wakaipa majina ya mitume. Mwaka huohuo msimamizi wa shule wa wilaya, Jackson Davis, aliyekuwa ameiona kazi yake, akampa jukumu jipya: awazungukie walimu wenzake weusi katika shule zaidi ya 20. Mshahara ulitoka kwenye mfuko wa Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja kabla ya kufa. Basi Mama Randolph akawa anafika na kigari cha farasi, anakaa darasani, anaangalia, halafu anashika kazi pamoja na mwalimu. Hakwenda kukagua na kuondoka, la! Taarifa yake ya mwaka wa kwanza ilisambazwa majimbo ya kusini, na walimu wa namna yake wakaongezeka.

Kumbe na huku kwetu ilifika! Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu walikwenda na wake zao, wote wakafundishwa, kisha wakatumwa kuzisaidia shule za vijijini. Ni pale ilipo leo Kenya School of Government; wengi wetu tunapita hapo bila kujua.

Shule yake iliungua mwaka 1929, ikajengwa upya. Alistaafu mwaka 1949, akafariki mwaka 1958. Kaburi lake liko kwenye viwanja vya shule hiyo, mahali alipopanda ile miti ya mitume.