Kadhi aliyemsomesha mmisionari Kiswahili



Nyumbani kwetu hapa Singida lipo kasha la marehemu babu. Ndani yake mna daftari la madeni ya ng'ombe na asali, limeandikwa Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Babu alikuwa Mnyaturu, bahari hakupata kuiona maishani mwake. Mimi mjukuu wake niliyesoma hadi chuo nalisoma kwa kukwamakwama, na wanangu hawalisomi kabisa. Daftari hilo ndilo lililonifanya niyafuatilie maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita, Johann Ludwig Krapf.

Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari wa Kijerumani aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849, basi. Hatukuambiwa alisoma nini kabla ya kuja, wala ni nani aliyemsomesha Kiswahili.

Alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, mtoto wa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua miezi sita. Kitandani akawa anasoma Biblia na kuiwaza akhera. Alipopona akapelekwa shule ya Kilatini mjini. Huko aliiona ramani ya Afrika yenye nafasi tupu upande huu wetu wa mashariki, akajiuliza kama huko wanaishi fisi watupu. Hilo hunichekesha. Fisi Singida tunao kweli, lakini na watu walikuwepo.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Hakudumu. Baada ya miaka miwili vitabu vya mafumbo ya kiroho vilimtia shaka na nafsi yake, akaondoka kwenda kusoma theolojia Chuo Kikuu cha Tübingen, akamaliza 1834. Akawa msaidizi wa mchungaji kijijini, napo akakorofishana na wakubwa wake kwa kuhubiri kwamba siku za mwisho zi karibu. Ndipo akarudi kwenye umisionari, safari hii chini ya Church Missionary Society ya Uingereza. Alipangiwa Smyrna, nchi ya Waturuki, akaanza Kituruki. Mara mwenzao aliyekusudiwa kwenda Uhabeshi akafariki. Krapf akakiweka kando Kituruki, akashika Kigeez na Kiamhari. Mwaka 1837 akaondoka, na alipopita Cairo akajifunza Kiarabu cha mitaani.

Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Tangu aingie Basel ilikwishapita miaka kumi. Kilatini, Kigiriki na Kiebrania alikuwa nazo, kisha zikaongezeka hizo nyingine, na Kiswahili bado. Sisi vijana wetu tunawatuma daawa Iramba au Manyoni bila kuwakalisha hata wiki moja wajifunze Kinyiramba au Kigogo. Wakirudi tunalalamika kwamba watu wa vijijini hawasikii.

Uhabeshi alifukuzwa. Mwanzoni mwa 1844 akafika Zanzibar, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na Mei akahamia Mombasa. Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata. Lakini kabla ya msiba huo, Juni 8, 1844, alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mohiuddin, Kadhi wa Mombasa.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie. Mwanafunzi alikuwa mmisionari, mwalimu alikuwa kadhi. Kwa mtazamo wangu Sheikh Ali hakukosea. Nabii Adam, Nuhu na Ibrahim ni wetu pia, na mgeni anayeomba elimu hafukuzwi mlangoni. Sura tatu za mwanzo za tafsiri ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili huko Tübingen. Katika utangulizi alitetea herufi za Kilatini. Sababu yake moja ni ya haki, kwamba herufi za Kiarabu zinabana baadhi ya sauti za Kiswahili. Lakini wazee wetu walikwishalitafutia dawa kwa kuongeza nukta. Sababu ya pili haikuhusu sauti hata kidogo. Aliona kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango mpana kwa watu wa bara. Watu wa bara ni nani kama si akina babu yangu?

Nisimdhulumu. Mtu huyo huyo alizithamini herufi zile kiasi cha kukusanya miswada ya tenzi iliyoandikwa kwazo, na mwaka 1854 akaikabidhi kwa jumuiya ya Wajerumani wanaosoma elimu za Mashariki. Miongoni mwake kilikuwamo Chuo cha Herkal, kinachosimulia vita vya Tabuk. Sijui ni misikiti mingapi hapa mjini ina hata mswada mmoja wa aina hiyo.

Krapf alifariki Kornthal, Ujerumani, Novemba 26, 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Mimi nimemtafuta mwalimu wa kunifundisha lile daftari la babu, na nimempata mzee mmoja. Tunaanza Jumamosi baada ya Alasiri, na wanangu nakwenda nao.