Sofia Kovalevskaya na hisabati za ukutani

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea uhandisi au hisabati, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au ng'ambo, hufika muhula wa pili akakutana na ile sehemu ya kalkulasi ambayo wengi huiogopa. Muhula wa kwanza alifundishwa kupima kasi ya mabadiliko. Sasa hutakiwa kurudi nyuma: kuyachukua mabadiliko madogo madogo na kutafuta jumla yake, kazi inayoitwa intigrali, kisha kujumlisha mifululizo ya namba isiyo na mwisho.

Katika karne ya 19, mwanamke mmoja wa Urusi aliyapenda masomo hayo tangu utotoni, na matokeo ya kazi zake yanafundishwa vyuoni hadi leo. Hata hivyo, nchini mwake hakukuwa na chuo kikuu kilichokuwa tayari kumsajili. Jina lake ni Sofia Kovalevskaya.

Karatasi za chumba cha watoto

Sofia alizaliwa Moscow tarehe 15 Januari 1850. Baba yake, Vasily Korvin-Krukovsky, alikuwa jenerali wa kikosi cha mizinga. Mama yake, Yelizaveta Schubert, alitoka katika ukoo wa wasomi wenye asili ya Kijerumani. Mwaka 1858 jenerali alistaafu, na familia ikahamia katika shamba lake la Palibino, mbali na miji mikubwa.

Nyumba ya shambani ilipokuwa ikipambwa upya, karatasi za kubandika kutani hazikutosha. Chumba kimoja cha watoto kikakosa. Kuagiza nyingine kutoka St Petersburg kwa ajili ya chumba kimoja tu kulionekana ni usumbufu, basi kuta zikabandikwa makaratasi ya zamani yaliyokuwa ghalani. Makaratasi hayo yalikuwa mihadhara ya kalkulasi ya Mikhail Ostrogradsky, mwanahisabati mashuhuri wa Urusi, ambayo jenerali alikuwa ameinunua ujanani mwake.

Sofia alikuwa akisimama mbele ya kuta hizo saa nzima, akijaribu kutambua ukurasa upi unafuata upi. Hakuelewa kitu, lakini alama zile zilimkaa kichwani. Ami yake Pyotr naye, ambaye hakuwa mtaalamu wa hisabati ila aliipenda, alikuwa akimsimulia habari za mistari inayoukaribia mkunjo daima bila kuugusa. Kwa mtoto yule, mambo hayo yalikuwa kama ngano.

Jirani mmoja, Profesa Tyrtov, aliiletea familia kitabu chake cha fizikia. Sofia alikisoma peke yake akakwama kwenye sura ya nuru, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa trigonometria. Badala ya kukata tamaa, akajitafutia mwenyewe maana ya saini ya pembe kwa kutumia mstari unaounganisha ncha mbili za tao la duara. Profesa alipoambiwa hakuamini, hata alipomsikiliza binti mwenyewe akieleza. Akamsihi jenerali asiiache akili ile ipotee.

Baadaye Sofia alipelekwa St Petersburg kwa mwalimu Alexander Strannolyubsky ili afundishwe kalkulasi. Mwalimu alishangaa kuona mwanafunzi anadaka mambo magumu kama mtu anayekumbushwa. Na ndivyo ilivyokuwa, kwani somo lilipoanza, zile kurasa za ukutani zilimrudia akilini, na sasa zikawa na maana.

Ndoa ya makaratasi

Elimu ya nyumbani ilikuwa na mwisho wake. Vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, na mwanamke asiyeolewa hakuweza kupata pasi ya kusafiri bila idhini ya baba. Vijana wa kizazi chake walikuwa wamebuni njia ya kulikwepa sharti hilo. Msichana hutafuta kijana mwenye mawazo ya maendeleo, hufunga naye ndoa ya jina tu, na mume humpa mkewe ruhusa ya kwenda kusoma nchi za nje.

Aliyepatikana ni Vladimir Kovalevsky, mchapishaji wa vitabu vya sayansi. Awali alikuwa amekusudiwa kwa dada mkubwa, Anna, lakini mwenyewe alisisitiza kuwa atamwoa Sofia. Jenerali alikataa. Kwa mujibu wa rafiki yake, mwandishi Anne Charlotte Leffler, Sofia alitoroka nyumbani jioni ambayo wageni walikuwa wakitarajiwa, akaenda kwa Vladimir na kumwachia baba yake barua kueleza mahali alipo. Ili kuzuia fedheha mbele ya wageni, jenerali alilazimika kumtangaza Vladimir kuwa mchumba wa binti yake. Ndoa ilifungwa mwaka 1868, Sofia akiwa na miaka 18.

Mlango wa Berlin

Mwaka 1869 walifika Heidelberg, Ujerumani. Huko nako mwanamke hakusajiliwa, ila Sofia aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara kwa ridhaa ya kila profesa. Baada ya mihula mitatu alikwenda Berlin kumtafuta Karl Weierstrass, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zile.

Weierstrass alimpa maswali ambayo kwa kawaida aliwapa wanafunzi wake waliobobea, pengine akidhani hataonana naye tena. Baada ya wiki moja binti akarudi na majibu yote, na baadhi ya njia alizotumia zilikuwa mpya. Profesa akaiomba seneti ya chuo imruhusu Sofia aingie darasani. Seneti ilikataa.

Basi Weierstrass akaamua kumfundisha mwenyewe bila malipo. Kwa miaka minne Sofia alikwenda nyumbani kwake kila Jumapili, na siku nyingine ya wiki mwalimu alimfuata anakoishi.

Mwaka 1874 Sofia alikuwa na kazi 3 mkononi, na kwa maoni ya mwalimu wake kila moja ilitosha kupewa shahada ya udaktari. Ya kwanza ilihusu milinganyo inayoeleza mabadiliko ya vitu vinavyotegemea mambo mengi kwa pamoja, kama vile joto linavyosambaa ndani ya chuma. Sofia alithibitisha ni katika masharti gani mlinganyo wa aina hiyo una jibu, na akalijenga jibu lenyewe kwa mfululizo usio na mwisho. Ni mfululizo wa namna ile ile inayomtoa jasho mwanafunzi wa muhula wa pili. Kazi ya pili ilionyesha jinsi intigrali fulani ngumu zinavyoweza kugeuzwa kuwa za aina nyepesi zaidi. Ya tatu ilichunguza umbo la pete za sayari ya Zohali.

Chuo Kikuu cha Göttingen kilimtunuku shahada ya udaktari kwa daraja la juu kabisa, bila yeye kuwapo na bila mtihani wa mdomo. Akawa mwanamke wa kwanza wa Ulaya ya zama hizi kupata udaktari wa hisabati kwa utafiti wake.

Shahada isiyo na kazi

Alirudi Urusi akiwa na umri wa miaka 24. Kazi pekee aliyoweza kupata ni kufundisha hesabu katika madarasa ya chini ya shule za wasichana. Vyuo vikuu vilimfungia mlango, na baadaye hata ombi lake la kufanya mtihani wa shahada ya uzamili ya Urusi, ambayo ingemfungulia njia ya kufundisha, lilikataliwa.

Kwa takriban miaka 6 aliiacha hisabati. Aliandika magazetini, akaingia pamoja na Vladimir katika biashara ya kujenga nyumba, na ile ndoa ya makaratasi ikawa ndoa ya kweli. Mwaka 1878 walipata mtoto wa kike. Lakini biashara ilianguka na madeni yakawafika shingoni.

Mwaka 1880 mwanahisabati Pafnuty Chebyshev alimwalika kuhutubia mkutano wa wanasayansi mjini St Petersburg. Sofia aliitoa kabatini ile kazi ya intigrali, ambayo ilikuwa haijachapishwa, akaitafsiri kwa Kirusi usiku mmoja. Ingawa miaka 6 ilikuwa imepita, ilikuwa bado mpya. Miongoni mwa waliomsikiliza ni Gösta Mittag-Leffler, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Weierstrass.

Sofia alirejea kwenye utafiti, akaishi Berlin na Paris. Huko ndiko ilikomfikia habari ya msiba. Mwezi Aprili 1883 Vladimir, akiandamwa na kashfa ya kampuni aliyoifanyia kazi, alijiua. Sofia alijifungia chumbani na kukataa chakula hadi akazirai. Alipopata nafuu aliomba karatasi na penseli, akaanza kuandika hisabati.

Profesa wa Stockholm

Mittag-Leffler alimpatia nafasi katika chuo kipya cha Stockholm, Sweden. Alianza kufundisha mapema mwaka 1884, kwanza kwa Kijerumani, bila mshahara wa chuo, akitegemea ada za wanafunzi waliomsikiliza. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akifundisha kwa Kisweden. Si wote waliofurahi. Mwandishi August Strindberg alidai hadharani kuwa profesa mwanamke ni kioja. Hata hivyo, mwaka huo wa 1884 chuo kilimpa Sofia uprofesa kwa miaka 5.

Kisha akakabili swali lililowasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Pia, kile kichezeo cha watoto, huzunguka juu ya ncha yake huku ikiyumba. Je, mwendo wake unaweza kuelezwa kikamilifu kwa hisabati? Leonhard Euler na Joseph-Louis Lagrange walikuwa wamepata jibu kwa hali 2 tu. Sofia aligundua hali ya tatu, ambayo kitovu cha uzito hakiko kwenye mhimili bali kiko pembeni. Mwaka 1888 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Tuzo ya Bordin, na kwa uzito wa kazi yake kikapandisha zawadi kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka uliofuata Stockholm ikamfanya profesa wa kudumu.

Mwaka huo wa 1889 Chuo cha Sayansi cha Urusi nacho kilibadilisha kanuni zake ili kumchagua kuwa mwanachama anayeishi mbali, mwanamke wa kwanza kupata nafasi hiyo. Ilikuwa heshima kubwa, lakini haikuandamana na kazi. Sofia alitamani kurudi nyumbani, na nyumbani hakukuwa na darasa alilopewa.

Mwanzoni mwa 1891, akirejea Stockholm kutoka mapumziko kusini mwa Ulaya, alishikwa na baridi njiani. Alifundisha akiwa mgonjwa, homa ya mapafu ikamzidi, akafariki tarehe 10 Februari, akiwa na miaka 41. Alizikwa huko huko Sweden. Weierstrass, mzee na mgonjwa, alizichoma barua zote alizoandikiwa naye.

Leo ile nyumba ya Palibino ni makumbusho yake, na uthibitisho wake wa mwaka 1874 umo katika vitabu vya vyuo vikuu duniani kote, ukibeba jina lake pamoja na la Mfaransa Augustin-Louis Cauchy. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilianza kusajili wanawake kikamilifu mwaka 1900. Cha Berlin kilifuata mwaka 1908, miaka 17 baada ya Sofia kuzikwa.