Mtakatifu Augustino, Askofu Aliyeandika Makosa Yake

Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Tagaste, upande wa kaskazini wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patrisi, alikuwa mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Tangu utoto alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyo desturi kwa wakatekumeni, lakini ubatizo wake ukaahirishwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba usiku matunda ya jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Kisha akaenda Karthago kusoma. Huko akaishi na mwanamke pasipo ndoa, akafuata mafundisho ya uongo ya Wamani miaka 9. Monika hakuchoka kumwombea kwa machozi.

Mwaka 384 akafika Milano kuwa mwalimu, akasikia mahubiri ya Askofu Ambrosi. Mwaka 386, alipokuwa akilia bustanini, sauti ya mtoto ilimhimiza kutwaa kitabu na kusoma. Akafunua nyaraka za Mtume Paulo, na mashaka yake yakaisha. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa pamoja na mwanawe Adeodato. Mwaka ule ule Monika akafariki.

Augustino akarudi Afrika, akawa padri, halafu Askofu wa Hippo. Watu walimheshimu, angaliweza kuyaficha ya ujana wake. Lakini karibu na mwaka 397 alianza kuandika kitabu kiitwacho Maungamo. Alikiandika kama mtu asaliye, akimweleza Mungu maisha yake yote. Hata yale matunda ya jirani hakuyaacha, bali alijiuliza kwa nini mtu hupenda uovu usiomfaa kitu. Akaandika pia kifo cha mama yake, akawasihi wasomaji wawakumbuke altareni Monika na Patrisi.

Alikufa tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiuzunguka mji wake. Kitabu chake kingali kinasomwa.

Enyi wakatekumeni, Augustino naye alikuwa mkatekumeni miaka mingi. Yakumbukeni maisha yenu kwa ukweli mbele ya Mungu. Naye ajuaye kuandika, na aandike: si kwa kujisifia dhambi, wala kwa kujipamba, bali ili watoto wake wajue jinsi Mungu alivyomhurumia.